Msonobari wa Mpakani

Nshambya, Bukoba
10 Juni 1990

Baba mdogo Ayubu,

Assalam aleikum. Shikamoo wewe, na shikamoo mama mdogo Mariamu. Nimesikia kwa Mzee Mustapha dereva kwamba cherehani yako imepona na kwamba sare zote za shule ya hapo Izigo unazishona wewe. Tumefurahi. Mama anawasalimu. Ana malaria kidogo, ila juzi alikaa kibarazani akachambua mchele.

Mimi nipo kidato cha tatu na nimekuwa wa pili katika biolojia. Wa kwanza ni Navnit, mtoto wa Mzee Suryakant, yule mwenye duka ulikokuwa ukinunua nyuzi. Shangazi yake Navnit anafundisha shule huko ng'ambo, na mwaka jana alimtumia mbegu za msonobari zilizopelekwa angani. Sisemi kwa mfano, baba mdogo. Zilitiwa ndani ya chombo, zikazunguka dunia nje kabisa ya hewa hii tunayovuta, kisha zikarudishwa chini. Sasa watoto wa shule wanaziotesha ili waone kama zitakua sawa na zile ambazo hazikusafiri. Navnit alinigawia chache. Tatu zimeota, ziko dirishani kwetu kwenye makopo ya mafuta ya Kimbo.

Shida ni kwamba zimeanza kuwa njano. Nilimpelekea kopo moja Bwana Ildefons, afisa misitu. Alisema msonobari mchanga hauwezi kula peke yake. Mizizi yake inahitaji uyoga mdogo sana, kama nyuzi nyeupe, unaoishi kwenye udongo wa chini ya misonobari mikubwa tu. Nakuomba unichotee mfuko mdogo wa udongo wa chini ya ile misonobari ya misheni, umpe Mzee Mustapha aniletee mjini.

Ombi la pili. Zikikua nataka zipandwe kwenye kibanja cha marehemu baba, shamba lake la migomba na mibuni, mbele ya nyumba. Tangu tulipoifunga baada ya arobaini sijaona pale pakoje. Naweza kuja likizo?

Mwanao,
Mastura


Izigo, Muleba
8 Julai 1990

Mwanangu Mastura,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi tupo, mvua ilikata mapema lakini ndizi zipo, na mama yako mdogo amepata watoto wawili wa mbuzi kwa mpigo. Mpe mama yako pole ya malaria. Malaria ya miezi mingapi hiyo? Amwone daktari.

Mustapha atakupa mfuko. Ni mzito, usibebe peke yako.

Nimepita chini ya paini za misheni, hiyo misonobari yako, kama ulivyosema. Waitu, mwanangu, ule ni udongo? Mkavu, mchungu, umejaa sindano, hata magugu yameukataa. Nikasema huyu mtoto amekaa mjini amesahau udongo ni kitu gani. Kwa hiyo nimekuchotea ule wa kwenye kibanja cha baba yako, chini ya migomba, wenye samadi na majani yaliyooza ya miaka na miaka. Mweusi kama lami. Hakuna udongo mtamu kuliko huo Izigo nzima. Miti yako iule, ijue na kwao.

Kuhusu kuipanda huku, hapana. Paini na migomba haviishi nyumba moja. Halafu wewe ni msomi, unajua usichotaka kusema au hujui? Mtu akiazimwa shamba anaambiwa panda maharage, panda mihogo, ila usipande mti. Kwa nini? Kwa sababu anayepanda mti wa kudumu anasema, "Hapa ni pangu." Nikiweka mti wako mbele ya ile nyumba wazee wa ukoo watakuja kuniuliza nani amenituma. Na ukoo wetu unaujua, nusu msikitini, nusu kanisani, lakini kwenye ardhi wote wanaswali pamoja.

Likizo usije. Nitakwambia lini.

Baba yako mdogo,
Ayubu


Nshambya
22 Julai 1990

Baba mdogo,

Shikamoo. Hongera ya mbuzi. Mama bado ana malaria, ila amekula uji.

Ana kwa ana nisingethubutu kusema ninayoyaandika hapa, kwa hiyo uniwie radhi. Nilikuomba udongo mbaya. Nilikuomba ule mkavu, mchungu, uliojaa sindano, kwa sababu ndio wenye uyoga. Ulikwenda mpaka pale! Ulisimama juu yake! Halafu ukarudi ukaninyima kwa kunionea huruma. Niliuweka ule mweusi kwa heshima yako, nikasema labda wewe unajua zaidi. Umeshika maji kama sifongo. Miche miwili imeoza shingoni ikalala. Umebaki mmoja, na huo ni ule nilioogopa kuugusa. Bwana Ildefons alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mhaya akikupenda atakuzika kwenye samadi."

Lakini hilo si kubwa. Nilipokuwa nikiupepeta huo udongo nilikuta mizizi. Si ya migomba. Ni ya mibuni, minene kama kidole gumba, imekatwa kwa panga, na ganda lake lilikuwa bado bichi. Baba alipanda mibuni ile mwenyewe aliporudi vitani. Mama husimulia kwamba pale palikuwa rweya tupu, nyasi na upepo, na baba alisema ameona ardhi ya kutosha ikiharibiwa, anataka kuona ikitengenezwa.

Swali langu ni moja tu. Nani anang'oa mibuni ya baba?

Unasema nikipanda mti nitakuwa nimesema hapo ni pangu. Sawa. Pa nani, kama si petu? Mama na mimi hapa tuna chumba cha kupanga. Hatuna pengine.

Mastura


Izigo
30 Novemba 1990

Mwanangu Mastura,

Barua yako ilifika Agosti. Nilikuwa na kazi nyingi za sare, kisha mkanda ukakatika, kisha nikapata homa.

Huku senene mwaka huu ni ajabu. Zimeanguka usiku mmoja mpaka watoto wakafagia uani kama wanafagia majani. Mama yako mdogo amezikaanga bila mafuta maana zenyewe zina mafuta kuliko kondoo. Tumekupa debe dogo, lipo na Mustapha, mpe na mama yako, zinarudisha damu. Wengine wanaziuza barabarani. Wengine wamezila mbichi wakaugua. Sheikh amesema katika hotuba tusizigombanie, nazo zilikuwa bado zinarukaruka msikitini wakati anasema, na mtu wa safu ya mbele akadaka mmoja.

Nimekutumia pia ule udongo mbaya unaoupenda. Mbuzi ameunusa akapiga chafya.

Kuhusu lile swali lako, mambo ya mashamba ni mambo ya wakubwa. Soma. Ufaulu. Vitu vingine vitakaa sawa.

Mama yako huyo malaria gani isiyoisha? Niambie ukweli.

Ayubu


Nshambya
29 Desemba 1990

Baba mdogo,

Shikamoo. Senene tumezipokea, asante.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu kama mtu anayetafuta sindano. Miezi minne, baba mdogo! Ukurasa mzima wa senene! Unajua hata waliozila mbichi, ila hujui nani anang'oa mibuni iliyo umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye cherehani yako?

Kisha mwishoni unaniambia mimi nikuambie ukweli. Haya, nitaanza mimi, kwa kuwa mimi ni mdogo.

Mama hana malaria. Ana ule ugonjwa uliomchukua baba, wa kukonda usio na dawa, ambao bombani wanauita Juliana. Ulipoandika kwa jamaa wa Dar es Salaam kwamba baba amefariki kwa tumbo, nilikuwa nimeketi karibu yako, nikaiona kalamu yako inasita. Mimi nami nimeandika malaria, na kalamu yangu ikasita hivyo hivyo. Sasa anatembea kwa kushika ukuta. Anachoomba ni kimoja, arudi kwenye nyumba yake Izigo, na siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa baba. Hataki kuzikwa kwenye makaburi ya mjini kama mgeni aliyefia njiani. Sijui nimwambie nini. Kila nikikuuliza habari za kibanja unaniambia habari za wadudu.

Ule mche mmoja umepona. Umekuwa kijani ndani ya majuma machache, na sasa una kimo cha rula. Nimeutuma kwako na barua hii kwa sababu hapa hauna pa kwenda. Mzee Mustapha mwanzoni alikataa kuupakia. Abiria mmoja kwenye lori alimwambia, "Huo ndio mti uliotoka juu? Magonjwa haya yote yametoka wapi kama si huko?" Mwingine akasema apakie tu, ila auweke mbali na chakula, naye akakubali. Nilitaka kuwaeleza, sauti ikanikauka kama kawaida yangu. Kwa hiyo nimeandika karatasi moja, iko humu ndani, inayoeleza kwamba huu ni msonobari wa kawaida, mbegu yake ilisafiri tu ikarudi, haina ugonjwa, haina dawa, na mtu yeyote anaweza kuushika. Uwasomee watu wa hapo kabla ya kuupanda.

Upande kwenye kibanja cha baba. Najua sasa maana yake. Nilijua tangu mwanzo. Mara ya kwanza nilisema ni sayansi, na kweli ni sayansi, lakini haikuwa sayansi peke yake.

Mastura


Izigo
20 Januari 1991

Mwanangu,

Pole. Mpe mama yako pole, mwambie shemeji yake amelia, halafu usimwambie.

Wewe ukija hapa huongei, unaangalia vidole vya miguu. Kwenye karatasi unanifokea kama mwalimu mkuu. Nimekaa na barua yako siku nyingi, kila nikiiweka chini ya kitambaa inajitokeza. Haya, sikiliza basi.

Anayeng'oa mibuni ni Aroni, mtoto wa marehemu kaka yetu mkubwa. Anadai kibanja kile ni cha ukoo, kwamba baba yako aliazimwa tu, na mibuni ilikuwa ya babu. Kwa kuwa baba yako hakuacha mtoto wa kiume, anataka kipite kwake. Wazee walisema watakuja kuangalia mibuni na mipaka ndipo waamue. Mbuni unasema umri wake, kila mtu anajua kuusoma. Basi mibuni ikaanza kupungua. Aroni anasema ni ugonjwa wa mibuni. Miramura ya mpakani nayo, ile aliyoipanda baba yako kuonyesha kwake kunaishia wapi, imetoweka upande mzima. Aroni anasema imeliwa na ng'ombe. Ng'ombe gani anakula mramura? Lakini nani alimwona Aroni na panga? Hakuna. Nami nikisema, wataniambia nakitaka mwenyewe. Ndiyo maana nikakuandikia senene.

Sasa mti wako. Nimeupanda, lakini si mbele ya nyumba. Nimeupanda mpakani, kwenye shimo la mramura uliong'olewa, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanzu. Aroni akaja mbio.

"Baba mdogo, unapanda nini kwenye shamba langu?"

"Mti wa Mastura."

"Mti gani huo mwembamba? Nitaung'oa hata kabla ya chai."

"Ung'oe," nikamwambia. "Ila mbegu yake ilitoka juu, zaidi ya mawingu. Mimi nimevaa glavu za kushikia pasi."

Ilikuwa kweli, nilizivaa. Zile sindano za mche wako zilikuwa zinanichoma. Lakini Aroni alizitazama zile glavu, akarudi nyuma. Jioni habari ilikuwa imefika mpaka ziwani. Sasa watu wanazunguka mbali, hata mbuzi wanafungwa upande mwingine. Mama mmoja aliniuliza kama majani yake yanaponya, mwingine kama yanaua. Nikawaambia mimi fundi nguo tu.

Ile karatasi yako sikuisoma. Nimeikunja iko kwenye droo ya cherehani. Walipoogopa nimewaacha waogope. Tangu mti uingie mpakani hapo, hakuna mbuni uliong'olewa tena. Wazee wanakaa mwezi ujao. Kaa kimya, usimwandikie mtu yeyote, wacha mti wako ulinde kibanja chako. Umesikia?

Ayubu


Nshambya
27 Januari 1991

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimesikia, na nimekasirika mpaka nimevunja ncha ya kalamu.

Asante kwa kunijibu, na asante kwa kuvaa kanzu. Ningependa kuishia hapo, lakini siwezi.

Nakwambia maisha yetu ya hapa yakoje. Bombani ndoo ya mama ikiwekwa, wanawake wanaondoa za kwao. Mwenye nyumba amemkataza asioshee vyombo kwenye karo. Mtoto wa jirani alikunywa maji kwenye kikombe chetu, mama yake akakichukua kile kikombe akakipasua kwenye jiwe mbele yangu. Nilitaka kumwambia kwamba ugonjwa hauendi hivyo, tumefundishwa darasani, nina maandishi yake. Nilikusanya vigae nikaingia ndani. Watu hawa si wabaya, baba mdogo. Wanaogopa kitu ambacho si kweli, na kila anayejua ukweli amekunja karatasi yake akaiweka kwenye droo.

Sasa wewe unataka mama aletwe hapo, alale kwenye nyumba iliyozungukwa na hofu ile ile? Leo wanaogopa mti wa mpakani. Kesho watasema yule mwanamke ameugua kwa sababu ya mti ule, au mti umeugua kwa sababu ya mwanamke. Nani atamletea maji? Nani atabeba jeneza lake?

Usomee wazee ile karatasi. Isome yote, usiruke mstari. Najua Aroni anaweza kuung'oa. Nimeulea mti huo mwaka mzima, nimeuhamisha dirisha kwa dirisha nikifuata jua, nimeupima kila Ijumaa. Usidhani nasema kirahisi. Lakini kama kibanja ni chetu, ni chetu kwa sababu baba aliifanya rweya kuwa shamba, si kwa sababu watu wanadhani tutawaambukiza mambo ya angani. Kama hatuwezi kukipata kwa ukweli huo, basi tukikose.

Ningekuja kuisoma mwenyewe. Mama hawezi kuachwa. Na hata ningekuja ningeangalia vidole vya miguu.

Mastura


Izigo
24 Februari 1991

Mwanangu Mastura,

Waaleikum salaam. Wewe mtoto una kichwa kigumu kama cha baba yako, ambaye aliambiwa na kila mtu kwamba rweya haioti mbuni.

Wazee walikaa jana, uani kwetu, Mzee Buberwa akiwa mkubwa wao. Nilikuwa nimeamua kabisa kutoisoma karatasi yako. Nimekwambia wazi ili ujue. Kisha Mzee Buberwa akauliza, "Ayubu, mti ule una nini? Mke wangu haendi tena kisimani kwa njia ile." Nikafungua mdomo nidanganye, mama yako mdogo akakohoa nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyenisomea barua yako usiku mmoja, nikapitiwa hata pasi ikaunguza nguo ya mtu. Nikaenda kwenye droo.

Nimeisoma yote. Sikuruka mstari, hata ule wa uyoga ambao hakuna aliyeuelewa. Nilipofika pale unaposema mtu yeyote anaweza kuushika, Aroni akaruka.

"Kumbe!" akasema. "Mwezi mzima mnanitisha na kipaini cha shule!"

Akaenda moja kwa moja mpakani, sote tukimwona. Hakuvuta kama mtu anayeng'oa gugu. Alipiga kisigino ardhini mara moja kulegeza, akauzungusha mkononi, akautoa mzima na udongo wake, akaja kuutupa miguuni pangu. Ilikuwa haraka sana. Alicheka, na vijana wawili wakacheka naye.

Wazee hawakucheka. Mzee Buberwa alikuwa anatafuna kahawa, akaacha kutafuna.

"Aroni, nani amekutuma?"

"Si wamesema wenyewe hauna kitu?"

"Sijauliza una nini. Tumekaa hapa kuamua kibanja ni cha nani. Tumeshaamua?"

"Bado, mzee. Lakini ni changu."

"Kisigino hicho umejifunzia wapi?"

Aroni akaurudisha mguu nyuma. Mzee Buberwa akainuka na fimbo yake, nasi nyuma yake, tukaenda mpakani. Kando ya kila shimo la mramura kulikuwa na alama ya kisigino imekauka kwenye udongo, shimo hadi shimo, mpaka kwenye mibuni. Tumepita hapo mara ngapi? Hakuna aliyeziona, kwa sababu hakuna aliyejua cha kutafuta. Mzee akasema, "Anayeng'oa mbele ya macho yetu hashindwi kung'oa tukiwa tumelala." Kwetu anayegusa mpaka wakati wazee wanauamua amejihukumu mwenyewe, hilo hata wewe usiyekaa huku unalijua. Aroni alisema ng'ombe. Akasema ugonjwa. Mwisho akasema shetani, na hapo hata wale vijana wakaondoka.

Wamehesabu pete za visiki vya mibuni vilivyobaki. Imepandwa baada ya vita. Kwa hiyo kibanja ni cha baba yako, alikitengeneza mwenyewe, hakuazimwa na mtu. Kinakaa kwako. Mama yako arudi nyumbani kwake, na mambo yake yote yatakuwa hapo, ubavuni mwa mumewe. Wameweka sharti kwamba usikiuze nje ya ukoo, na mzee mmoja alinuna tangu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu wewe ni msichana. Mwache anune. Na mke wa Mzee Buberwa amesema yeye ndiye atakayemletea mama yako maji, maana amechoka kuzunguka.

Mti wako umekufa. Nimejaribu kuurudisha shimoni nikaumwagilia, lakini mizizi ilikuwa imekatika. Ulisema kweli na mti ukafa, mwanangu, sijui nikupongeze au nikuchape. Nimeona uchungu ambao sikuutegemea kwa paini.

Mustapha atawafuata Jumamosi. Ameweka godoro nyuma ya kiti chake, karibu naye. Mariamu amefungua madirisha na kusiriba sakafu.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi Benigna, mama yake Aroni, alikuja kibarazani kwangu amefunika uso. Anataka kukata majani ya migomba kule kwa baba yako, ya kufunikia ndizi zake anazoivisha. Miaka yote walikata bila kuuliza. Nikamwambia, "Mimi si mwenyewe. Mwenye kibanja yuko Nshambya, mwandikie." Akasema hajui kuandika. Basi nikatoa kalamu, akasema, nami nikaandika kila neno lake mpaka mkono ukaniuma, na ombi lake liko humu kwenye bahasha hii.

Ni mama yako mkubwa. Mjibu kwa adabu, na usimweleze sayansi.

Ayubu